KIFUSI CHA BURE HATUKITAKI MPAKA KIPIMWE



Sisi wa gengi la njia tumeomba nafasi katika karatasi hii ya Chama kwa jambo moja tu, nalo ni lile lundo jeusi lililomwagwa nyuma ya nyumba zetu. Wengi wenu mmeliona. Wasioliona wameyasikia malori yakija jioni, saa ambayo wakubwa wa ofisi wamekwisha kwenda kwao. Mpaka siku tunayoandika maneno haya yamekwisha kuja malori kumi, na tumeambiwa kwamba mengine arobaini yako njiani, yote bila senti moja.

Kwanza tuseme ukweli juu yetu wenyewe, kabla mtu mwingine hajasimama mkutanoni kuusema. Malori matatu ya kwanza tuliyapakua sisi, kwa mikono yetu na mabeleshi ya kazi, na dereva akatupa kila mtu shilingi mia mbili ya chai. Tulizipokea, wala hatukuuliza neno. Siku ya tatu mmoja wetu macho yalimwasha usiku kucha, na mwingine akaona ngozi ya vidole inapasuka kama ya mtu aliyekoroga saruji kwa mikono mitupu. Hapo ndipo tukaanza kuuliza. Tulichelewa, nasi tunakiri. Lakini aliyechelewa kuuliza hana sharti la kunyamaza milele.

Tunajua kwa nini kamati ya nyumba ilikubali. Nyumba zetu zimejengwa juu ya ule udongo mweusi ambao kila mtu wa njia anaujua. Jua likiwaka unapasuka hata mtoto aweza kuingiza mkono, na mvua ikinyesha unavimba na kushika mguu kama gundi. Masika ya mwaka 2024 maji yaliingia ndani, tukapandisha magodoro juu ya meza, na mpaka leo kuta zina alama ya matope. Tumeomba kokoto miaka mingi. Ofisi husema bajeti haipo. Basi akija mtu akisema, "Nitawajazia uwanja wote, tena bure," nani atakataa? Tulipoleta habari hii nyumbani, mama mmoja alitujibu, "Shemeji zangu, ninyi mnataka karatasi, sisi tunataka mguu mkavu." Hatukuwa na jibu la haraka, maana maneno yake ni ya haki.

Jibu letu ni refu kidogo, ndiyo sababu tunaliandika.

Kitu chenyewe ni nini? Dereva alisema ni mavi ya chuma. Neno hili la wazee si tusi, wahunzi walilitumia zamani kwa uchafu unaobaki chuma kikiyeyuka. Kiwanda hicho kina tanuru la kuyeyusha vyuma chakavu, na kila siku uchafu huo hutoka, ukapoa, ukawa mawe meusi yenye vitundu na yenye kung'aa. Hayo ndiyo mavi ya chuma, na kama ni hayo matupu, twaweza kuzungumza. Lakini tanuru hutoa kitu kingine pia, nacho ni vumbi jepesi linalopanda na moshi na kukamatwa na mifuko ya bomba. Vyuma chakavu si chuma kitupu. Vina mabati yenye zinki, vina rangi za zamani, vina vipande vya betri vilivyojificha. Tanuru likiwaka zinki, risasi na kadimiamu hupanda kama moshi, kisha huwa vumbi. Huko Marekani vumbi la matanuru ya umeme ya kuyeyushia chuma limo katika orodha ya sheria ya taka za hatari. Haliruhusiwi kutupwa ovyo, sembuse kumwagwa penye watoto.

Sasa tuambieni. Katika lundo letu mawe meusi yapo, na katikati yake mna unga wa kijivu, laini kama unga wa ngano. Unga huo umetoka wapi? Dereva hajui. Mwenyekiti wa kamati hajui. Kiwanda hakijasema. Na sisi hatuwezi kusema kwamba ni lile vumbi la mifuko, maana hatukupima. Lakini asiyejua ndani ya gunia mna nini hapiki.

Wako watakaosema kwamba gengi la njia limekuwa adui wa maendeleo. Sivyo. Mtu wa reli ajua kuliko wengine kwamba mabaki ya viwanda yana kazi. Huko Uingereza wakati wa injini za makaa, majivu ya injini yalijazwa katika yadi na njia za miguu za wafanyakazi. Mavi ya chuma yamewekwa chini ya mataruma mahali pa kokoto katika nchi nyingi, nayo yalibeba treni vizuri. Mavi ya matanuru makubwa ya kutengeneza chuma husagwa yakachanganywa na saruji, na jambo hili lina zaidi ya miaka mia moja. Hata majivu ya makaa huingia katika saruji, na yakishikwa humo hayatoki kwa urahisi. Kama kila kitu kitokacho kiwandani kingetupwa, tungevunja vilima vyote vya nchi hii kutafuta mawe. Hayo yote tunayakubali.

Tofauti iko hapa, nasi twaomba msomaji aisome polepole. Mhandisi akiletewa kifusi, hupima kama kina nguvu. Hukishindilia, hukiwekea uzito, hutazama kama kitazama. Kipimo hicho ni kizuri lakini ni cha magurudumu. Hakisemi neno juu ya maji. Maji ya mvua yakipita ndani ya kifusi yatatoka upande wa chini yamebeba nini? Jiwe laweza kuwa gumu kuliko granaiti na bado likatoa sumu kidogo kidogo miaka hamsini.

Na kipimo cha maji kipo, wala si cha ajabu. Huchukuliwa kilo moja ya kifusi, hutiwa katika lita kumi za maji safi, hutikiswa saa 24, maji huchujwa, kisha hupelekwa maabara kutazamwa kama yana risasi, kromiamu, aseniki na kadhalika. Uholanzi ni nchi ambayo sehemu yake kubwa iko chini kuliko bahari, na watu wake wamepigana na maji tangu zamani. Kwao sheria hutaka vifaa vya kujazia ardhi vipimwe kwanza vitatoa nini vikipitiwa na maji. Sisi tunaokaa juu ya udongo mweusi, tukiogelea kila Aprili, twaambiwa kwamba kupima ni anasa.

Kuna na jambo la chokaa. Mavi ya kutengeneza chuma cha pua na chuma kigumu mara nyingi hubaki na chokaa ambayo haijafa. Ikipata maji huvimba, na sakafu iliyojengwa juu yake hupanda na kupasuka. Ndiyo maana wenye kazi yao huyaacha nje yapigwe na mvua miezi mingi kabla ya kuyatumia. Tena maji yanayotoka humo huwa makali kama maji ya chokaa, yaweza kuchoma ngozi. Vidole vya mwenzetu vilivyopasuka vyatufanya tufikiri hivyo. Na masika yakija, vidimbwi vitakuwa wapi? Vitakuwa kando ya lundo, na watoto watakuwa ndani ya vidimbwi. Mtoto hakuumbwa kupita kando ya kidimbwi.

Sasa twataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka Skotilandi, kwa sababu huko kuna habari inayotuhusu sisi watu wa Chama na sisi tuliosoma kwa wamisheni.

Karibu na mji wa Glasgow, mahali paitwapo Rutherglen, palikuwa na kiwanda cha kromiamu, dawa itumikayo katika rangi na kulainisha ngozi. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mwenyewe alikuwa John Campbell White, aliyepewa cheo mwaka 1893 akaitwa Lord Overtoun. Alikuwa mtu wa dini sana, mzee wa kanisa, mtetezi mkubwa wa kuheshimu siku ya Jumapili, na mtoaji wa fedha nyingi kwa misheni ya Livingstonia katika nchi iitwayo leo Malawi. Chuo cha misheni hiyo kiliitwa kwa jina lake, Overtoun Institution, na vijana wengi wa Afrika ya Kati walipata elimu humo. Hatusemi haya kuitukana misheni. Sisi wenyewe kusoma na kuandika tulifundishwa na misheni, na tusingeandika haya kama sivyo.

Lakini kiwandani kwake mambo yalikuwa mengine. Watu walifanya kazi saa 12 kwa siku, siku saba kwa juma, Jumapili nayo ikiwamo, hawana hata nafasi ya kula, kwa peni tatu au nne kwa saa. Vumbi la kromiamu liliwatoboa mfupa laini wa pua, wakapata madonda ya mikono yasiyopona. Mwaka 1899 waligoma. Keir Hardie, mtu aliyeingia shimo la makaa akiwa mtoto na baadaye akawa kiongozi wa wafanyakazi, aliandika kijitabu kikali juu ya bwana huyo wa Jumapili ambaye watu wake hawakuijua Jumapili. Nchi nzima ikasoma. Twamheshimu Hardie kwa kalamu yake.

Hata hivyo hapa ndipo twataka Chama chetu kisikie. Mapigano yale yalikuwa juu ya saa, mshahara na vumbi la ndani. Yalikuwa mapigano ya haki. Lakini nje ya ukuta palikuwa na lundo la mabaki ya kiwanda. Lilikua kila siku, na kila siku liliondolewa likapelekwa kujaza. Lilijaza mashimo ya udongo wa matofali, likajaza migodi ya zamani, likajaza mabonde na viwanja upande ule wa kusini-mashariki wa Glasgow. Wenye mashamba walifurahi kupata kifusi. Jumla yake inahesabiwa kuwa zaidi ya tani milioni mbili.

Lord Overtoun alikufa mwaka 1908. Kiwanda kilifungwa mwaka 1967. Mngedhani habari imekwisha. Mwaka 2019 kijito kimoja cha sehemu hizo, Polmadie Burn, kilibadilika rangi kikawa kijani chenye kung'aa, na mwaka 2021 kikafanya hivyo tena. Miaka zaidi ya hamsini baada ya tanuru la mwisho kuzimwa, maji bado yanaichukua kromiamu ile ardhini. Na ni kromiamu mbaya, ile waiitayo ya sita, iletayo saratani mtu akivuta vumbi lake. Mabaki yale yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo ndiyo iwekayo sumu katika hali ya kuyeyuka. Basi nani analipa gharama ya kusafisha? Mwenye mali yuko kaburini. Kampuni yake haipo. Hulipa wananchi kwa kodi zao, na miongoni mwao wamo vitukuu wa wale waliotobolewa pua.

Ndiyo maana twasema kwamba mwenye kiwanda anayetoa kifusi bure hatoi zawadi. Kuzika taka za hatari mahali panapofaa kuna gharama, yaani leseni, lori lililoandikishwa, shimo lenye sakafu isiyopitisha maji, na ada ya kila tani. Kifusi cha bure chamwondolea gharama hiyo yote. Anachotupa ni deni lake, nasi tunalipokea tukipiga makofi.

Na katika habari yetu deni hilo limeandikwa wazi. Kamati ilipewa karatasi ya Kiingereza itie sahihi. Mwenyekiti alitia, maana aliambiwa ni risiti ya kuonyesha kwamba mzigo umefika. Sisi Kiingereza cha mawakili kilitushinda, kwa hiyo tulimwomba kijana mmoja wa sekondari, mtoto wa mwenzetu, atusomee. Alisoma mara mbili. Karatasi yasema kwamba mpokeaji amekubali vifaa hivyo jinsi vilivyo, na kwamba tangu siku ya kupokelewa madhara yoyote yatakayotokea kwa mtu, mali au ardhi ni juu ya mpokeaji. Mpokeaji ni nani? Si kampuni ya reli, maana ofisi haikutia sahihi. Ni "Kamati ya Wakaaji." Ni ninyi na sisi. Mtu akiwa na hakika kwamba mzigo wake ni safi, ya nini kuandika maneno hayo?

Mzee mwenyekiti asituelewe vibaya. Hatukumtuhumu kula rushwa. Alidanganywa kama sisi tulivyodanganywa kwa shilingi mia mbili. Twamwomba tu, kwa heshima, aandike barua ya kuifuta sahihi yake kabla lori la kumi na moja halijaingia.

Wengine wanatuambia, "Hayo ni ya Wazungu na ya zamani." Haya, twendeni Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kando ya Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007. Huko haikuwa kifusi, ilikuwa moshi na maji machafu, lakini risasi ni ile ile. Watoto walipatikana na risasi katika damu. Mama Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda hicho na mtoto wake mwenyewe akaugua, alisimama na wanakijiji mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ofisi za serikali zilizolala zikaonekana nazo zina hatia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni miaka wenyewe. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa kijana wa miaka 17 siku ya hukumu ya mwisho, na risasi iingiayo katika mwili wa mtoto mdogo huharibu akili yake inapokua, wala fedha hairudishi. Shirika la Afya la Dunia lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Kuna na neno kwa wenzetu wanaopakua. Huko Tennessee, Marekani, tarehe 22 Desemba 2008, boma la majivu ya makaa lilipasuka usiku karibu na mji wa Kingston, majivu yakafunika mashamba na mto. Mamia ya wafanyakazi waliletwa kuyazoa, na mengi yalipakiwa katika mabehewa yakapelekwa kwa reli mpaka Alabama, wilaya ya watu maskini ambao wengi wao ni weusi. Wafanyakazi waliomba barakoa. Baadaye walishuhudia mahakamani kwamba walikatazwa kuzivaa, na kwamba waliambiwa majivu hayo hayana neno. Wengi waliugua mapafu na damu, na kadhaa wakafa. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba kampuni iliyosimamia kazi haikuwalinda inavyopasa, na kwamba kosa hilo laweza kuleta magonjwa waliyokuwa nayo. Kesi ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2023, zaidi ya miaka 14 baada ya boma kupasuka. Sisi tuliyapakua malori matatu kwa fulana na viatu vya kandambili.

Basi twataka nini? Twataka lori lisiingie tena mpaka sampuli ya kifusi ichukuliwe mbele ya mjumbe wetu, si ile itakayochaguliwa na kiwanda katika mawe mazuri. Ichukuliwe katika mawe na katika unga wa kijivu pia, ipelekwe kwa Mkemia wa Serikali au maabara nyingine iliyoandikishwa, na majibu yabandikwe ukutani ofisini kwa Kiswahili. Gharama ni juu ya kiwanda. Kama kifusi ni chake mpaka mlangoni, na kipimo ni chake mpaka mlangoni. Kifusi kikionekana ni kizuri, tutakishindilia sisi wenyewe kwa furaha, lakini si upande wa bondeni penye kisima cha pampu na bustani za sukuma wiki. Hapo hata kizuri kisiwekwe. Kikionekana kibaya, kiwanda kiyarudishe malori yote kumi na udongo uliolala chini yake.

Ofisi ya reli nayo isijifiche. Ardhi ni yake na nyumba ni zake, nasi ni watu wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yetu ilikutana mara ya mwisho lini? Sheria hiyo hiyo yasema kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa na kuarifu mkubwa wake, mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Kwa hiyo tangu leo beleshi la gengi hili haligusi lundo lile, nasi tumemwandikia mnyapara hivyo, na nakala tumeipeleka kwa Chama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 35 yampa kila raia haki ya kupata habari azihitajizo ili kuilinda haki yake. Mwanasheria wa Chama anakula ada zetu kila mwezi. Tumpe kazi hii.

Na yule shemeji anayetaka mguu mkavu? Hatukumsahau. Kusema "pimeni kwanza" na kumwacha katika matope ni unafiki. Sisi wa gengi twajua kuchimba mfereji, ndiyo kazi yetu ya kila siku, maana njia ya reli bila mifereji haidumu masika moja. Tumepima kwa kamba: mfereji mmoja nyuma ya nyumba, mwingine upande wa barabara, yote ikielekea kalvati la zamani lililozibwa na takataka. Jumapili mbili za watu thelathini zatosha. (Ndiyo, Jumapili, baada ya ibada. Wachungaji wetu tumekwisha kuwaomba ruhusa, wamecheka, wamekubali.) Kokoto za kuweka milangoni twaweza kuzidai ofisini kwa barua ya Chama, kwa sababu ziko kokoto zilizotolewa njiani wakati wa kubadilisha mataruma, nazo zimelala kando ya yadi. Hizo nazo zipimwe macho kwanza kama zimelowa mafuta ya injini, maana hatuwezi kuwa wakali kwa kiwanda na wapole kwa reli.

Jambo la mwisho ni mkebe. Baada ya kuanza kuuliza tulitia kifusi katika mkebe wa maziwa, tukajaza maji ya mvua, tukaufunika. Umekaa siku tisa. Baadhi ya wenzetu walikuja kutazama, wakaona maji bado ni meupe, wakatucheka. Ndugu, maji ya Polmadie yalionyesha rangi kwa sababu kromiamu ile ina rangi. Risasi katika maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kwa maji ya kunywa kiasi kinachokubaliwa na Shirika la Afya la Dunia ni milligramu 0.01 kwa lita, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona hata likikodoa mchana kutwa. Mkebe wetu hauthibitishi kwamba kifusi ni kibaya, wala hauthibitishi kwamba ni kizuri.

Tutakuja nao katika mkutano wa tawi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, chumba cha kupumzikia madereva. Anayesema maji hayo hayana neno, kikombe kitakuwapo.

Sisi wa Gengi la Njia